Wimbo Ulioazimwa Kilwa

Asubuhi hii nimepita ufukweni mwa ziwa, hapa kwetu Kashikishi, nikawasikia wasichana wakitandaza chisense, vile visamaki vyembamba kama sindano, huku wakiimba wimbo wa bibi yangu. Nikasimama. Mimi si mtu wa kuwauliza watu mambo, basi nimerudi nyumbani nikachukua kalamu. Naandika polepole, rafiki, univumilie.

Nilipokuwa mdogo, wimbo wa kazi ulikuwa na mwenyewe, kama jembe. Huu ulikuwa wa bibi. Mchanga ukishapata moto, alimwaga samaki, akawatawanya kwa kiganja akiimba, "Lala, kisamaki, jua ndilo blanketi lako." Katikati aliwataja wanawake waliotandaza samaki pale kabla yake, mmoja baada ya mwingine. Jirani aliyeutaka alikuja kuuazima, na siku hizo bibi alifunga mdomo, maana kilichoazimwa hakiko nyumbani. Kazi ikiisha, jirani alirudi na bakuli la ubwali, ule ugali wa muhogo, akauimba mlangoni bila kuruka jina. Hapo wimbo ulikuwa umerudi.

Mwaka mmoja akaja mama mchuuzi kutoka Kilwa, si ile ya pwani bali ya ng'ambo ya ziwa letu, na vitenge vyake na sabuni. Alilala kwetu akingoja mashua, akausikia wimbo, ukamshika.

"Mama, uniazime ile wimbo," akamwambia bibi. "Kule kwetu banatandaza samaki kimya-kimya, kama kwa kilio."

"Utaurudisha?"

"Mvua ikianza, niko hapa."

Mvua ikaanza, ikaisha. Hakuja. Jirani yetu hakuchoka kumchokoza bibi, eti wimbo wako umeolewa Kilwa na mahari hujala. Bibi alicheka naye, lakini hakuimba. Tulitandaza samaki tukisikia viganja tu vikipapasa mchanga, na harufu ya samaki ilikuwa ileile, ila siku ilikuwa ndefu.

Mimi niliutaka wimbo ule kuliko nguo mpya. Siku moja nilijikaza, nikamwomba anifundishe yale majina tu, kwa sauti ya chini. Akasema, "Siwezi kukupa kilicho mkononi mwa mtu. Ngoja kirudi."

Nikangoja. Bibi akafa wakati wa baridi.

Mama wa Kilwa alifika baadaye, na chumvi na kitenge alichomletea bibi. Alikuwa ameugua muda mrefu, na habari za msiba hakuzisikia. Alipoambiwa alikaa mlangoni akalia, kisha akajifuta uso, akaimba, kwa kuwa aliahidi. Sauti ilikuwa kamili. Lakini katikati yalikuja majina nisiyoyajua.

Aliniona ninavyomtazama. "Ya kwenu nilisahau, mutoto," akasema. "Nikaweka ya bamama ba kwetu, isibaki na shimo."

Hata majirani waliowahi kuuazima walikuwa wameyasahau majina; hakukuwa na mtu wa kumsahihisha. Shangazi alipokea chumvi, akamshukuru. Wimbo ukawa umerudi, na tangu hapo kila mtu akauimba, kwani mwenyewe alikuwa hayupo, na hapakuwa na mlango wa kuurudisha.

Leo wasichana walipofika katikati, niliinamisha kichwa nisikie vizuri. Wakawataja wanawake wa Kilwa, wote, bila kuruka hata mmoja. Samaki wakalala juani.