Diploma Yangu na Beseni la Maji ya Moto

Katika ukoo wetu hapa Maskati, mwenye diploma ya mashairi ya kale ya Kitaliano ni mimi peke yangu. Niliisomea Italia huku nikiosha vyombo hotelini. Sikubebwa na mtu. Niliporudi watu waliuliza itanifaa nini. Jibu walilipata nilipoposa.

Wiki moja kabla ya posa, ami yangu alimpiga kofi baba wa binti niliyemtaka, huko mtaani Hamriya, kwa kugombea kivuli cha kuegeshea gari. Tukaenda kwake kuomba radhi kwanza, ndipo tupose. Kahawa ikaletwa. Kwa desturi yetu mwenye haja haonji mpaka akubaliwe, kwa hiyo ami akaiweka finjani yake chini.

"Itapoa hiyo," mzee mwenye nyumba akasema. "Mimi sisamehi."

Nikaona zamu ya elimu imefika. Nikaeleza kwamba mshairi mmoja wa kale wa Italia, katika shairi lake la Jahannamu, aliwatia wakatili katika mto wa damu inayochemka, kila mmoja kwa kina cha kosa lake: dhalimu mpaka kwenye nyusi, mwenye kosa dogo nyayo tu. Adhabu ilipimwa, haikutolewa kwa hasira.

Nilikusudia alainike. Yeye akasogea mbele. "Na kofi moja, msomi, lafika wapi?"

"Vifundoni." Mwenye diploma hawezi kusema uongo.

"Mkono ulikuwa na pete."

"Basi nusu ya muundi."

Mzee akaagiza beseni la maji ya moto, damu tulisameheana. Ami akapandisha kanzu, akatumbukiza miguu, akafumba macho. Tukangoja ajute.

"Alhamdulillahi," akasema. "Miezi mizima nna maumivu ya nyayo. Tieni na chumvi."

Mzee akanigeukia. "Huyu anaadhibiwa au anastarehe?"

Nilikiri kwamba katika yote niliyosoma sikukuta mkosaji aliyeomba chumvi. Mzee akafikiri, kisha akavua ndara.

"Sogeza miguu, mwizi wa kivuli we. Nyayo zangu mbovu kuliko zako."

Wakakaa magoti yakigusana, wakibishana kiasi cha chumvi. Hatimaye mzee akaiokota ile finjani, akampa ami kwa mkono wake.

"Haya, kunywa. Na huyu mkwe aende jikoni akalete maji mengine, haya yanapoa."

Nilikwenda mwenyewe, nikajaza birika. Mke wangu hadi leo husema tuliozwa na chumvi. Mimi najua ni diploma.