Maua Yasiyotaka Maji

Ukifika kwa Kemuma mjini Migori, angalia unapokanyaga. Baraza yote imejaa maua ya majani manene, mengine kwenye sufuria kuukuu, mengine kwenye makopo ya rangi. Kemuma huuza mitumba sokoni, na akirudi jioni huyasalimia maua kabla ya mumewe, Levis. Levis ameshazoea.

Ua alilolipenda kupita yote lilitoka Kisii, mlangoni pa marehemu mama yake, aliyemkatia kitawi siku alipoolewa. Kitu kingine cha mama kilicho hai hakuwa nacho.

Agosti Kemuma akaenda makambi ya kanisa, nyumba akamwachia mama mkwe, Priscilla wa Kisegi. Sasa Priscilla ni mtu wa ziwani. Kwake, kunyima maji ni roho mbaya. Alipoona udongo umekauka kau alimhurumia mkaza mwana, kwamba maskini, kazi zimemzidi. Basi akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, na nyimbo za kanisa juu.

Kemuma aliporudi, ua la mama yake lilikuwa limelala, shina limeoza, linateleza kama mboga ya mrenda. Aliketi sakafuni akalia bila kujali nani anamwona.

“Nyar Kisii, binti wa Kisii, nimeliua?” Priscilla aliuliza. “Mimi niliona iko na kiu.”

“Maji ndiyo imeiharibu, Mama. Hii ya marehemu mama yangu inataka kuachwa tu.”

Hasira ilimpanda, lakini utamfokea vipi mtu aliyekosea kwa upendo? Akakata ncha iliyobaki ngumu, akaianika dirishani kidonda kikauke, kisha akaichomeka kwenye mchanga mkavu.

“Usiguse, Mama.”

“Hata tone?”

“Hata tone.”

Priscilla alikuwa aondoke Jumapili. Hakuondoka. Aliweka kiti chake kando ya lile kopo, akawa mlinzi. Mgeni akitokea na kikombe cha chai mkononi, alielekezwa akanywee uani. Levis alipouliza safari ni lini, aliambiwa anyamaze.

Asubuhi moja Kemuma alikivuta kitawi taratibu. Kikagoma. Akavuta tena, kikagoma.

“Imeshika mizizi, Mama,” akasema.

Priscilla akainama, akakigusa kwa ncha ya kidole, kisha akaenda kufungasha nguo zake.

“Sasa naweza kwenda nyumbani,” alisema. “Ningeondokaje, na mama yako alikuwa bado mgonjwa?”