Kila Asubuhi Tulirudisha Tarehe Nyuma

Programu iliyoweka rekodi za wagonjwa kwenye kliniki yetu ya Nakuru ilikuwa imeisha leseni kitambo, na kampuni iliyotuuzia ilishafunga ofisi. Hakukuwa na wa kumpigia simu. Aliyenitangulia pale mapokezi alinifundisha ujanja wake: kila asubuhi, kabla ya kufungua programu, rudisha tarehe ya kompyuta nyuma, siku ile ile moja ya mwaka 2005, leseni ikiwa bado hai. Nilifanya hivyo bila kufikiria, kama mtu anavyofungua pazia. Daktari, mzee Mhindi aliyezaliwa humo humo mjini, alijua, na alikuwa akicheka tu.

Halafu ikaja Januari 2008, na ghasia za baada ya uchaguzi. Barabara zikafungwa, mtaani kwangu hakukuendeka, nikawa nalala hapo hapo kliniki kwenye benchi la wagonjwa. Nilizichukia kuta zile. Waliojeruhiwa walipoanza kuja, Daktari aliwaandikia barua za kupeleka polisi kwa kompyuta ile ile, na ya kwanza ikatoka na tarehe ya 2005. Alikasirika sana. Akasema mtu aliyekatwa jana hawezi kubeba barua ya uongo, akairekebisha tarehe kwa mkono wake mwenyewe. Sikuweza kumlaumu.

Programu ilipoiona tarehe ya kweli, ikajifunga. Nikairudisha nyuma, ikaniandikia kwamba saa imechezewa. Nikazima, nikawasha, nikaitukana. Wapi.

Kesho yake akaingia mama mmoja kutoka Elburgon, amembeba msichana wake mdogo tuliyekuwa tukimtibu kifafa. Nyumba yao ilikuwa imechomwa, dawa na kadi ya mtoto zikiwa ndani, na mtoto alikuwa ameshaanguka njiani. Dawa tulikuwa nayo kabatini. Tulichokosa ni kipimo, maana Daktari alikuwa amekibadilisha zaidi ya mara moja. Nyumbani aliyekuwa akimpa mtoto dawa ni nyanya yake, na nyanya hawakujua yuko wapi.

Nikatoa kompyuta kuukuu stoo. Nikaanza na tarehe, nikairudisha nyuma kabla programu haijaona chochote, kisha nikaiweka programu upya kutoka kwa diski na kunakili faili za wagonjwa. Ikafunguka. Aki nilifurahi kama mtu aliyetolewa kifungoni, nikaandika jina la mtoto.

Zikatokea rekodi tatu. Nusu kidonge. Kidonge kimoja. Kimoja na nusu. Kompyuta ilipaswa kuzipanga kwa tarehe, lakini zote tatu zilikuwa na tarehe moja, ile niliyokuwa nikiiweka kila asubuhi.

"Ya mwisho ni gani?" mama akaniuliza.

Nikamgeukia Daktari. Alikuwa akiongeza au akipunguza? Aliitazama skrini, akavua miwani.

"Sikumbuki," akasema.

Akasaga nusu kidonge kwenye kijiko, akamnywesha mtoto, akamwambia mama wasitoke hapo. Geti lilikuwa limefungwa na hatukuwa na pa kwenda hata hivyo. Tukakaa kwenye benchi nililokuwa nikilalia, mama, Daktari na mimi, tukiangalia kama vidole vya mtoto vitaanza kukakamaa.