Samaki Walionyimwa Chakula Wakanenepa

Niliwanyima samaki chakula siku tatu. Wakanenepa.

Sisemi walionekana kama wamenenepa. Nasema walinenepa kweli. Yule mweusi, ambaye nyumbani tulimwita Mwenyekiti, tumbo lilimtoka mpaka akawa anaanza kujipanga kabla ya kugeuka.

Nilifikiria kuita watu wa maombi. Ngoja nianze mwanzo, maana ukinisikiliza hapa katikati utasema nimechanganyikiwa.

Mimi ni dobi. Nina chumba cha mbele cha kupigia pasi na uani kamba sita. Naishi na mke wangu, anayekata tiketi stendi ya mabasi, na mama yake.

Mama mkwe alikuja kwetu baada ya kuteleza bafuni kwake. Alikuwa anaishi peke yake, na majirani walichelewa kumsikia. Tulipomchukua alisema, "Nakuja wiki mbili tu." Akaja na begi dogo ili tuamini.

Mke wangu hakutaka arudi. Mimi ndiyo kabisa. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na kukuta mtu mzima sebuleni anauliza "umekula?" kulikuwa kunanifanya nichelewe kuanza kazi makusudi.

Basi mke wangu akanunua tangi la kioo na samaki watano. Alikuwa na hesabu zake.

"Mama hawezi kuacha kiumbe kinachomtegemea," aliniambia jikoni. "Hao samaki wakiwepo, atakaa. Wakifa, anaondoka siku hiyohiyo. Kwa hiyo wasife."

Nikasema sawa. Kuna ugumu gani kumweka samaki kwenye maji?

Jumapili moja nikaliangalia lile tangi pale dirishani kwa jicho la kazi. Kioo kina utando wa kijani. Sponji ya kwenye chujio nyeusi tii. Ndani ya nyumba ya dobi, jamani.

Nikawahamishia samaki kwenye beseni. Maji yote nikamwaga. Changarawe nikazichemsha. Sponji nikaipiga sabuni ya unga, nikaisuuza, nikaipiga tena, mpaka ikarudi rangi ya dukani. Nikajaza maji freshi kutoka bombani. Tangi liling'aa ukadhani halina kitu ndani.

Mama alikuwa kwenye kiti chake ananitazama mwanzo mwisho.

"Kweli umeosha, baba," akasema.

Nikachukulia ni sifa.

Kesho yake samaki wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, wanavuta hewa. Kabla ya chai mmoja akafa. Jioni, wa pili. Mke wangu akanitazama, akaenda kulala.

Nikaenda kwa muuza samaki wa mapambo, jamaa mmoja mkavu anayeitwa Mapezi. Nilimkuta anahesabu konokono.

"Umeosha tangi," akasema, hata salamu hatujamaliza.

"Nimeosha."

"Na sponji?"

"Na sponji."

"Kwa sabuni."

"Ya unga."

Akaweka konokono chini. "Unafanya kazi gani?"

"Dobi."

"Nilijua tu."

Akanivutia kigoda. "Ule weusi kwenye sponji una vijidudu ndani yake, huvioni. Kazi yao ni kula sumu inayotokana na mavi ya samaki na chakula kinachooza. Wewe umeua wafagizi wote kwa siku moja, halafu unashangaa mtaa unanuka."

Miaka yote ile ya kazi, hakuna aliyewahi kunigombeza kwa usafi.

Akanieleza, na mimi nikasikiliza kama naandikiwa dawa. Maji humwagi yote, unatoa robo, mara moja kwa wiki. Ila sasa hivi hali ni mbaya, toa robo kila siku mpaka wapumue chini. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, hayaingii moja kwa moja. Akanipa kichupa cha matone ya kuiua hiyo dawa. Sponji unaikamua kidogo tu, tena kwenye ndoo ya yale maji uliyotoa tangini. Na tangi liondoke dirishani, kwa sababu ukijani ule unapikwa na jua.

"Nikuongezee wawili, kufidia?" nikamuuliza.

"Sikuuzii. Maji yatulie kwanza. Na chakula usiwape siku tatu."

"Si watakufa njaa?"

"Samaki hafi kwa njaa ya siku tatu. Anakufa kwa shibe unayompa wewe. Ukirudi kuwalisha, ni mara moja kwa siku, kidogo tu, kiishe ukiwa bado umesimama hapo."

Nilifanya yote. Nilihamisha tangi na mgongo ukanikatika. Chakula nikawanyima. Nyumbani sikumweleza mtu, maana ningeanzaje kumwambia mama mkwe kwamba nawashindisha njaa wale wanaomweka hapa?

Ndipo wakanenepa. Na maji badala ya kutulia yakawa meupe, ungedhani nimeoshea mchele.

Nikamuuliza mke wangu kama anawalisha.

"Nikitoka stendi mimi mwenyewe nalala sijala," akasema. "Nitamlisha samaki?"

Siku ya nne nilitoka kupeleka nguo kwa wateja, nikarudi mchana kufuata soksi nilizosahau. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama kwenye tangi, mgongo kwangu, kopo la chakula mkono mmoja na kijiko cha chai mkono mwingine. Kijiko kilikuwa na mlima.

"Kuleni wanangu," anawaambia. "Baba yenu ana roho nzuri. Akili ya kufuga ndiyo hana."

Nikakohoa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kijiko kikabaki hewani.

Tukatazamana. Mwenyekiti alikuwa anatusubiri wote wawili.

"Unawalisha, mama?"

"Asubuhi na mchana." Akafikiri kidogo. "Na jioni, ukichelewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimwambieje mkwe wangu kwamba anaua viumbe kwa njaa ndani ya nyumba yake mwenyewe?"

Nikamweleza ya Mapezi, kuanzia sponji mpaka zile siku tatu. Akasikiliza amefunga macho.

"Na wewe mbona hukuniambia?" akauliza.

"Ningekuambiaje usiguse kopo, mama?"

Akakaa chini. Nikakaa. Heshima nzuri, lakini ile ya kwetu ilikuwa imebakiza samaki watatu.

Nikaleta kibanio cha nguo, nikakibana ukingoni mwa tangi. Tukakubaliana: aliyelisha anakihamishia kulia, na kikishakuwa kulia hakuna mwingine kugusa kopo. Kulisha kukawa kwa mama, maji yakawa yangu.

Ilikuwa raha sana, na sioni aibu kusema. Asubuhi yeye anatia chakula kidogo, mimi nimesimama na ndoo, tunahakikisha kimeisha. Maji yakarudi kuwa maji. Sponji ikaanza kuwa nyeusi tena, nami nikaiacha, ingawa ilikuwa inaniuma. Mwenyekiti akapata kiuno.

Siku moja natoka uani na nguo zilizokauka, namkuta mama sebuleni amejifunga mtandio wa safari. Begi liko mlangoni. Mke wangu amesimama pembeni, machozi yanamlenga.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwangu, baba."

"Tumekukosea?"

"Hata kidogo. Zile wiki mbili zilipoisha nilishafunga begi. Siku hiyohiyo nikakuona unaipiga sponji sabuni. Nikasema, huyu nikimwachia viumbe hawa nitaulizwa na Mungu. Nikafungua begi." Akatazama tangi. "Sasa umejua. Maji yametulia. Mimi nina kazi gani tena hapa?"

Mke wangu alikuwa sahihi kwamba samaki wangembakiza mama. Alichokosea ni sababu. Mama alibaki kwa kuwa mimi nilikuwa siwezi, na mimi, mjinga, nikajifunza.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba bafu lake linateleza. Kwamba akiondoka nitakuwa mtu wa kurudi kwenye nyumba isiyoniuliza kama nimekula. Lakini hayo mkwe hamwambii mkwe.

Nikaweka nguo chini. Nikaenda kwenye tangi, nikachomoa sponji inachuruzika, nikaitia kwenye beseni. Nikachukua pakti ya sabuni ya unga kwenye rafu.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Naosha, mama. Imechafuka."

Mke wangu akaacha kufuta macho.

"Rudisha hiyo sponji."

"Ni nyeusi, mama. Mimi ni dobi, wateja wakiona watasemaje?"

Nikaanza kufungua pakti, polepole.

Mama akafungua mtandio.

"Huyu hajajifunza kitu," akamwambia mwanawe. "Lete ndoo. Na hilo begi nirudishie chumbani."

Hiyo ni mwaka jana. Samaki sasa ni saba, Mapezi alikubali kutuuzia. Kibanio bado kipo.

Kama una tangi nyumbani, chukua hili bure: mlishaji awe mmoja, maji utoe robo, na sabuni ikae mbali. Na kama kuna mtu unataka abaki, mbakishie kazi ambayo wewe huiwezi.

Ile pakti, kwa taarifa yenu, ilikuwa tupu. Mama ndiye aliyeichukua mkononi mwangu akaipeleka kwenye pipa la taka, kwa hiyo najua kwamba anajua.