Moto wa Shambani Katindiuka

Enzi zetu moto haukubonyezwa kama huu wa wanangu, ambao gesi ikiisha wanaagiza chipsi. Sisi tulifundishwa moto. Msimu wa kuvuna mpunga tulihamia shambani Katindiuka nyumba nzima, na mama alikuwa na masharti yake. Tufyeke nyasi mpaka udongo mtupu uonekane, hatua tano kila upande. Tuchimbe kishimo, tupange mafiga, tuangalie upepo unatoka wapi. Nyasi kavu chini, vijiti juu yake, kuni nene mwisho. Kiberiti kisiguswe kabla ndoo ya maji haijakaa karibu. Na wakati wa kuzima: "Mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena. Weka kiganja. Kikiungua, hujazima."

Dada yangu Fransiska alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi. Siku moja mchana mama alikwenda Ifakara mashineni kukoboa mpunga, akamwachia dada moto. Tulichoma samaki, perege, tukala mpaka vidole vikanuka moshi. Dada akabeba dumu kwenda kisimani. "Zima vizuri, usiondoke," akaniambia. Nikarushia udongo viganja viwili, nikakimbilia kucheza rede na wenzangu.

Upepo ukafukua makaa. Tuliposikia mayowe, malundo ya mpunga ya jirani yetu Mama Kasiani, mjane mwenye watoto wanne, yalikuwa yanawaka. Jasho la mwaka mzima. Alikaa chini kwenye majivu, hata kulia hakulia.

Baba akauliza nani aliachiwa moto.

"Mimi," dada akasema.

Alichapwa mbele ya watu, kisha akatolewa shule akamlimie Mama Kasiani. Mimi nilisimama pale pale, nimefumba mdomo. Nilisoma mpaka nikawa mwalimu. Yeye hakurudi darasani tena.

Mwaka jana nilimfuata kijijini Mbingu, anakolima mpaka leo, nikamweleza ukweli. Alikuwa anachochea kuni, hakugeuka.

"Nilijua siku ile ile. Toka kisimani nilikuona unakimbilia rede, nikadhani umeshazima."

"Mbona hukusema, dada?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akanipakulia wali, tukala.

Wanangu hucheka nikianza kusimulia enzi zetu, eti tuliteseka bure. Lakini wakivunja kikombe huja wenyewe: "Mama, ni mimi." Wanalitamka neno hilo kirahisi tu, kama salamu. Sijui wamejifunzia wapi. Kwangu hawakulipata.