Kaburi Katikati ya Njia ya Ng'ombe

Ulimi huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, na mtu huyo ni shangazi yangu.

Nilikuwa na wazimu wa njia za zamani. Kila Jumamosi nilitoka kwangu mjini, mtaa wa Amalemba, nikaenda kwetu kijijini, karibu na Iguhu, kutafuta njia za ng'ombe, zile ambazo wazee walipitishia fahali wakienda kuwapiganisha uwanjani. Watu walinicheka: mtu mzima, na kazi yake ya ofisi, anainama vichakani kuhesabu minyaa! Wacha wacheke. Minyaa ya zamani, ile miti ya ua yenye utomvu mweupe, ikisimama mistari miwili, na katikati kuna hatua sita, hapo walipita ng'ombe.

Njia moja ilikata shamba letu ikateremka hadi kwa shangazi, dada yake baba, aliyeachika akarudi nyumbani akapewa kipande kando ya mto. Hiyo ndiyo njia yake ya pekee ya kupanda barabarani. Kaka yangu mkubwa alikitaka kile kipande, na sote tulijua. Basi mimi, kwa kujishaua, nikamwambia kaka, "Unajua hii njia haiko kwenye cheti cha shamba cha mtu yeyote? Si ya baba, si ya shangazi. Ni ya ng'ombe tu." Kaka akatabasamu. Nilidhani amependa historia. Mjinga mimi!

Miezi miwili baadaye baba akafariki. Asubuhi ya mazishi nilisikia majembe yakigonga upande wa chini, si pale nyuma ya nyumba tulipokubaliana. Nilishuka mbio. Wachimbaji wanne walikuwa wamezama hadi kiunoni, katikati kabisa ya minyaa, na kaka amesimama ukingoni.

"Kaka, hii ni njia."

"Njia ya nani? Wewe mwenyewe ulisema ni ya ng'ombe. Haya, nionyeshe ng'ombe."

Kwetu kaburi lenye mtu halihamishwi wala halivukwi. Baba akilala pale, shangazi angebaki amefungiwa na mto mgongoni, na hakuna chifu wala hakimu ambaye angemfungulia. Na angefungiwa na kaka yake mwenyewe, marehemu baba, asiyejua lolote! Nilitaka kupiga kelele, nikanyamaza. Waombolezaji walikuwa wameanza kukusanyika, na mdogo hamkosoi mkubwa wake mbele ya maiti ya baba yao.

Ndipo ngoma za isukuti zikasikika kutoka mtoni. Baba alikuwa mfugaji wa fahali, na wenzake walikuwa wanamletea fahali wao kumlilia. Walivuka maji yaliyowafika kifuani, wakapita mlangoni kwa shangazi, wakapanda kwa njia ile ile. Fahali wa mbele, mweusi, alifika shimoni akasimama. Akakwaruza udongo. Mawe yakaporomoka juu ya wachimbaji, wakaruka nje kila mtu na njia yake.

"Mpitishe mahindini!" kaka akafoka.

Mwenye fahali akazidi kushika kamba. "Huyu amekuja kulia. Haingizwi mahindini kama ng'ombe wa wizi, wala harudishwi kabla hajafika uani. Nani amechimba njiani?"

Ngoma zikanyamaza. Shangazi alikuwa nyuma ya fahali, ameshika leso yake kifuani. Fahali akavuta pumzi, akainamisha pembe.

"Hapa hapakuwanga na njia," kaka akasema. Akanigeukia, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ukifungua mdomo, huna kaka."

Nikasimama kwenye mnyaa wa kushoto, nikatembea hadi wa kulia nikihesabu kwa sauti, na pale penye shimo nikazunguka. "Hatua sita. Ni njia ya ng'ombe. Nilimwambia kaka mimi mwenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alituma watu wakate mgomba, kwa sababu kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Lazima lipewe kitu. Wakaulaza mgomba ndani, wakafukia, wakashindilia kwa miguu. Fahali wakapita mmoja mmoja. Baba tulimzika mchana nyuma ya nyumba, na kaka hakunipa mkono.

Jioni nilimfuata shangazi akienda kuchota maji. Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia yote: kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kaka kuwa njia haina mwenyewe.

Akatua ndoo.

"Nilijua. Kaka yako aliniambia wiki ile ile uliyomwambia, akinicheka," akasema. "Kila Jumamosi ulipita mlangoni kwangu na daftari lako, nikakupikia chai. Nilikuwa nakungoja uniambie."

Akajitwika ndoo, akaniacha pale pale.