Mtalii Asiyelala Hotelini

Mwaka ambao wilaya zetu zilitolewa Arusha na kuwa mkoa mpya wa Manyara, nyumbani kwangu Endasak, wilaya ya Hanang, alikuwepo mgeni ambaye hakuna aliyejua sheria inamwitaje. Sisi tulimwita Bibi. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mstaafu, huko kwao alikuwa mwoka mikate. Kila theluji ilipoanza kuanguka kwao alipanda ndege, akaja kukaa kwenye chumba chetu cha uani.

Mara ya kwanza alikuja na wenzake kupanda Mlima Hanang. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Goti la Bibi likavimba kabla hawajafika mbali, shemeji akamleta kwangu apumzike mpaka wenzake washuke. Wenzake waliposhuka, yeye alikuwa ameshajua mahali tunapoweka chumvi, na mbuzi yupi ana tabia mbaya. Aliondoka akisema atarudi. Watu wengi husema hivyo. Yeye alirudi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu naye alikuwa mwalimu, lakini kituo chake kilikuwa Mbulu, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake: mimi, binti zangu wawili wadogo, na mama mkwe wangu. Mama mkwe alijua Kiswahili cha kumtosha mnadani. Bibi alijua Kiswahili cha kumtosha mezani. Hata hivyo walielewana kuliko watu wengi ninaowajua. Asubuhi walikaa juani wakichambua maharage, mmoja akizungumza Kiiraqw na mwingine lugha ya kwao, na kila mmoja akajibu alichodhani ameulizwa. Niliwahi kusimama mlangoni nikawasikia wakicheka hadi wakafuta machozi. Nilipowauliza wanacheka nini, hakuna aliyeweza kunieleza.

Walichopishana ni baridi tu. Mama mkwe hakukubali kwamba mtu mwenye akili anaweza kukimbia baridi akaja Endasak, mahali ambapo sisi wenyewe tunalala na blanketi mbili. Siku moja Bibi akamwonyesha picha ya nyumba yake, theluji imefika dirishani. Mama mkwe aliishika picha ile kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akaniambia, "mbona hawa watu wamejenga kwenye magadi?"

Kwa maana kitu cheupe kilichotanda namna ile yeye alikuwa amekiona sehemu moja tu, kwenye ziwa letu la chumvi wakati wa kiangazi.

Misimu miwili ya mwanzo Bibi alikaa miezi mitatu, kama muhuri wa uwanja wa ndege ulivyosema, akaondoka. Kila mara aliporudi kwao alikuta theluji bado ipo, akaniandikia barua za kulalamika. Msimu wa tatu akasema anataka miezi mitano. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Siku zile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yamejaa, redio zilikuwa nyingi, mabasi yalikuwa ya matajiri mbalimbali, na mitumba ilimwagwa hata minada ya porini. Watu walidhani na mipaka nayo imefunguliwa. Mwenye duka jirani aliniambia mtalii siku hizi anaruhusiwa miezi sita bila swali. Katekista wetu alisema hapana, ni lazima atoke hadi Namanga, avuke kuingia Kenya, agongewe muhuri, arudi siku hiyo hiyo. Mwalimu mwenzangu akasema hata hiyo Namanga imeshakatazwa. Ikawa kila ninayemuuliza ananiongezea sheria moja. Iliyonitisha zaidi aliileta mwenye duka yule yule:

"Mwalimu, angalia sana. Mtalii akikamatwa ameshika jembe, hilo ni kosa. Mtalii kazi yake ni kuangalia."

Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nilimkuta Bibi katikati ya shamba, amefunga kanga kichwani, anapalilia mahindi. Kicheko kikakauka.

Niliomba ruhusa shuleni, nikamchukua tukaenda ofisi ya uhamiaji ya Arusha, kwa kuwa miaka yote mambo makubwa tuliyapeleka huko. Walitupokea vizuri, wakatuuliza tunatoka wapi. Nikasema Hanang. Wakatuambia kwa upole kwamba sisi sasa ni Manyara, turudi kwa wenzetu wa mkoani kwetu. Nilijisikia kama mtu aliyeenda kugonga mlango wa baba yake akaambiwa umeshaolewa. Tukalala kwa binamu yangu, asubuhi tukageuza kwenda Babati.

Ofisi ya Babati ilikuwa chumba kimoja chenye meza inayonuka vanishi na viti viwili. Afisa aliyekuwepo alikuwa kijana, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Kabla sijafungua mdomo, Bibi alinyoosha mkono, akainama kidogo na kusema kwa sauti:

"Shikamoo!"

Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba shikamoo ni heshima. Sikumaliza somo, sikumwambia inatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Yeye aliwapa wote, hata watoto wa darasa la kwanza. Kijana wa watu aliruka kwenye kiti kama amekalia siafu.

"Hapana, hapana, Bibi! Shikamoo ni yangu mimi!"

"Asante," Bibi akajibu.

Baada ya hapo kijana alijaribu kukunja uso lakini haukukunjika sawasawa. Akatupa fomu. Palipoandikwa sababu ya kuongeza muda, Bibi akajaza neno moja la Kiswahili: Baridi. Afisa akalisoma, akanitazama.

"Mwalimu, baridi ya wapi?"

"Ya kwao."

"Analala hoteli gani?"

"Halali hotelini. Analala kwangu."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana."

"Shirika lolote? Kanisa? Mradi?"

"Hapana. Anapumzika tu."

"Miezi mitano anapumzika." Akaiweka kalamu chini. "Na hafanyi kazi yoyote?"

Nikasema, "Hapana, hafanyi."

Lilinitoka haraka mno. Niliangalia mikono ya Bibi iliyokuwa juu ya meza, nikaona udongo wa Endasak chini ya kila kucha. Sijui kama afisa aliona. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo ninamheshimu kwayo.

"Sitakudanganya. Mtalii wa hotelini ninajua nimfanyeje. Huyu wa kukaa kwa mtu, miezi mitano, sijapata kukutana naye, na mkoa wenyewe ndiyo huu tunaanza. Nitaandika kuuliza wakubwa. Muhuri wake bado una wiki tatu. Siku ya kumi nitakuja mwenyewe nione anakaaje."

Siku kumi zile zilikuwa ndefu. Nilirudi nyumbani nikatangaza kwamba Bibi asiguse jembe, asiguse ungo, asichote maji, asikame mbuzi. Bibi nilimweleza kwa Kiingereza changu cha darasani, akaelewa, akanyong'onyea. Aliyewaka moto ni mama mkwe.

"Serikali inamkataza mtu kuchambua maharage?"

"Mama, ni mtalii."

"Ndiyo ugonjwa gani?"

"Ni mtu wa kuangalia tu, mama."

"Basi na mimi nitaangalia," akasema. Akaweka ungo chini, akaenda kukaa karibu na Bibi mikono mitupu. Wakakaa hivyo siku mbili kama watu waliofiwa. Maharage niliyachambua mimi baada ya kutoka shule.

Siku ya tatu, alfajiri, jirani yetu wa kijiji cha Gendabi alikuja na maziwa. Alikuwa mfugaji, mzee mrefu wa maneno machache, alikuwa akituletea maziwa tangu nilipoolewa pale. Aliweka kibuyu chini, nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema bila haraka:

"Mwalimu, mtalii wako yuko shambani. Amemaliza mistari minne."

Nilitoka mbio na kandambili. Kweli, Bibi alikuwa amevizia nikiwa jikoni. Aliponiona alijificha nyuma ya mahindi ambayo yalimfika magotini. Nilimrudisha, mimi nikiwa mkali na yeye akicheka, na mzee wa Gendabi akitutazama. Nikamweleza habari nzima ya muhuri na sheria. Akafikiri.

"Sisi tunahama na majani," akasema. "Yeye anahama na baridi yake. Nyasi zikiota kwao, si atarudi?"

"Atarudi."

"Sasa wanamuuliza nini?"

Nilimpa chai.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa tumejipanga. Bibi alikalishwa katikati ya uwanja kwenye kiti cha mume wangu, miwani ya jua usoni, kitabu mkononi, blanketi jipya magotini kwa msisitizo wa mama mkwe. Kucha zake nilizisugua mwenyewe kwa brashi ya viatu. Mzee wa Gendabi alikuwa ameshaleta maziwa lakini siku hiyo hakuondoka. Alikaa kwenye gogo, fimbo katikati ya miguu.

Pikipiki ikasikika. Afisa akashuka, amejaa vumbi jekundu mpaka kope. Akaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, akaanza na mama mkwe, akamalizia na Bibi ambaye safari hii alijibu "marahaba" kwa fahari kubwa. Akaonyeshwa chumba cha uani. Akaona kitanda, chandarua, picha ya nyumba iliyozama kwenye theluji. Akatoka, akakalishwa, akapewa maziwa.

"Kwa hiyo, Bibi," akasema kwa Kiswahili cha polepole, "hapa unafanya nini?"

Tulikuwa tumemfundisha jibu. Ninapumzika. Neno moja tu. Bibi akavua miwani.

"Ninafanya kazi," akasema. "Ninapalilia. Ninachambua maharage. Ninakama mbuzi, lakini mmoja ni mbaya. Mwalimu amenikataza siku kumi kwa sababu yako. Mimi sifurahi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimdanganya afisa wa serikali ofisini kwake, na sasa nimeumbuliwa na yule yule niliyekuwa namtetea. Kijana akanigeukia. Nikainamisha kichwa.

"Nani amekuajiri?" akamuuliza Bibi.

Bibi hakulijua neno kuajiri. Akaangalia huku na huku. Ndipo mama mkwe akajibu kwa Kiswahili chake cha mnadani:

"Mimi. Huyu mwenzangu. Ukimchukua, chambua wewe."

Akausogeza ungo mbele ya buti za afisa.

Mzee wa Gendabi alikohoa kwenye gogo lake. Kijana aliangalia ungo, akaangalia mama mkwe, akavua kofia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka maziwa yakamwagika kwenye suruali ya pasi. Bibi naye akacheka, binti zangu wakacheka, mimi nilicheka mwisho kwa sababu nilikuwa bado sijaamini.

"Mwalimu," akasema alipotulia, "ungeniambia ukweli siku ile ungelala usingizi. Kinachokatazwa ni ajira. Mtu kumsaidia mwenyeji wake si ajira, hiyo ni adabu. Wakubwa wamenijibu juzi."

Akatoa karatasi mfukoni. Jibu lilikuwa kwamba mgeni aliyefadhiliwa na mwenyeji anayejulikana, na mwenye tiketi ya kurudi, anaweza kuongezewa, ila mwezi mmoja mmoja, na aje mwenyewe ofisini kila mwezi. Nikamuuliza kama sheria hiyo ni ya kudumu.

"Ya mwaka huu ninaijua," akasema. "Ya mwakani usiniulize."

Nilimwomba radhi kwa uongo wangu. Alisema nimalizie kwanza somo la shikamoo, kwani Bibi ameshajua kuitikia, bado hajajua nani wa kumwamkia.

Pikipiki haijafika hata barabara kuu, blanketi jipya lilikuwa chini na Bibi alikuwa shambani. Mama mkwe alimfuata na ungo, ingawa shambani hakukuwa na cha kupepeta.

Ile safari ya Babati ya kila mwezi ikawa sikukuu. Bibi alivaa viatu vizuri, tukagongewa muhuri, tukala samaki wa ziwa la pale Babati, tukarudi. Alikaa miezi yake mitano kamili, na alipofika kwao aliniandikia kwamba amekuta maua. Alikuja misimu mingine sita. Kila msimu kanuni ilikuwa imebadilika kidogo: mwaka mmoja walitaka barua ya mtendaji wa kijiji, mwaka mwingine wakataka picha, mwaka mwingine tukaambiwa picha haihitajiki. Na kila msimu pale dukani watu walibishana upya, kila mmoja akiwa na uhakika. Mimi nikajifunza kutomuuliza mtu yeyote isipokuwa mwenye muhuri.

Kijana yule alipohamishwa kwenda mkoa mwingine alipita kwetu kuaga, akiwa na mchumba wake. Mama mkwe akamkamata jogoo, akamfunga miguu, akamletea. Alikataa. Akasema yeye ni mtumishi, hapokei kitu kwa mwananchi.

"Huko unakokwenda umeshafika?" mama mkwe akamuuliza.

"Bado, mama."

"Na hapa umeshatoka?"

"Nimetoka jana."

"Basi leo huna ofisi. Shika."

Akamshika. Mchumba wake ndiye aliyempakata jogoo nyuma ya pikipiki, na tuliwasikia wakicheka mpaka walipopinda kona.